Damu ya Aliyepona Kansa, kutoka Mulago hadi Mtendeli

Mtoto aliyepona kansa akirudi kwao Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, wazazi huiogopa karatasi ya maabara kuliko sindano. Himoglobini ikishuka, moyo nao hushuka: ugonjwa umerejea. Hofu hiyo ni halali, lakini historia ya kansa katika ukanda wetu inaonyesha kwamba namba moja mbaya haitoshi kutoa hukumu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto. Safari yake ndefu ya 1961, iliyopita nchi nyingi za Afrika, ilionyesha kuwa uvimbe huo hufuata joto na mvua, na baadaye ikadhihirika kwamba njia hiyo ni ya malaria. Basi aliyepona saratani hii mara nyingi hurudi palepale penye mbu, na malaria peke yake hupunguza damu, hushusha chembe sahani na kukuza bandama. Minyoo nayo huongeza aina fulani ya chembe nyeupe. Tena, hata mpaka kati ya kawaida na kasoro ulichorwa kwanza kwa damu ya Ulaya na Marekani. Uchunguzi uliochapishwa 2009 kuhusu watu wazima wenye afya wa Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia ulikuta wengi wangehesabiwa kuwa na kasoro kwa viwango vya Marekani, ilhali hawaumwi.

Atasema mtu kwamba maneno haya yanalaza watu usingizi, na kwamba atakayesubiri atachelewa. Kansa kweli hurudi. Madaktari wa Kampala, waliofungua kituo cha saratani hii Mulago mwaka 1967, waliona ikirudi kwa baadhi ya watoto, mara nyingi ndani ya miezi michache. Lakini walichokiona ndicho kinachotia nguvu hoja yangu: mara nyingi ilirudi kwenye ubongo na uti wa mgongo, huku uboho ukiwa haujaguswa. Mtoto wa namna hiyo aweza kuwa na hesabu nzuri ya damu na bado akawa hatarini. Anayeitegemea karatasi peke yake hukosea pande zote mbili. Kinachotakiwa ni kupima malaria, kurudia kipimo, kuuliza dawa za kansa zilitolewa lini, maana zenyewe hushusha chembe kwa majuma, kupapasa taya na tumbo, na kutazama udhaifu wa miguu au uso. Zaidi ya yote, kulinganisha na vipimo vya mtoto huyohuyo vya zamani.

Hapo ndipo mkoa huu una jeraha lake. Kambi ya Mtendeli ilifunguliwa 2016 kwa wakimbizi wa Burundi na ikafungwa mwishoni mwa 2021, watu wakahamishiwa kambi ya Nduta. Kila kuhama ni nafasi ya faili kupotea, na bila faili daktari mpya hana cha kulinganisha nacho ila viwango vya wageni. Karatasi za hospitali za Bugando au Ocean Road zinastahili kusafiri na mgonjwa, nakala moja mkononi mwa mama.