Bunduki ndani ya gari kazini: sheria za majimbo ya Marekani zinasemaje

Mfanyakazi anayeacha bastola ndani ya gari lake kwenye maegesho ya mwajiri nchini Marekani huenda akalindwa na sheria katika jimbo moja, kisha akafukuzwa kazi kihalali kwa kosa hilo hilo akihamia jimbo la jirani. Hakuna sheria moja ya taifa zima juu ya jambo hili. Majimbo zaidi ya 20 yametunga sheria zao, mengine kama California na New York yamewaachia waajiri waamue. Kwa wenyeji wa Afrika Mashariki wanaoendesha malori au kufanya kazi kwenye maghala ya mizigo huko, tofauti hiyo inagusa riziki moja kwa moja.

Msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam inabidi kwanza aweke kando utaratibu wa kwao. Huku kwetu silaha ya raia ni ruhusa ya serikali, hutolewa na huweza kufutwa. Marekani kumiliki silaha ni haki ya kikatiba. Hata hivyo katiba hiyo inaibana serikali, haimbani mwajiri binafsi. Na kwa kuwa ajira nyingi huko zinaweza kukatishwa bila mwajiri kutoa sababu, kampuni ikipiga marufuku silaha ndani ya uzio wake, marufuku hiyo inasimama isipokuwa sheria ya jimbo iseme vingine. Hapo ndipo ugomvi ulipo: gari ni la mfanyakazi, ardhi ni ya kampuni.

Ugomvi ulivyoanza

Chimbuko ni mji mdogo wa Valliant, jimbo la Oklahoma. Oktoba 2002 kampuni ya Weyerhaeuser ilipitisha mbwa wa kunusa kwenye maegesho ya kiwanda chake cha karatasi. Zikapatikana bunduki ndani ya magari ya wafanyakazi kadhaa, nao wakafukuzwa. Eneo hilo ni la wawindaji, na bunduki ndani ya pikapu si jambo la kushangaza. Waliofukuzwa walikwenda mahakamani, wakashindwa, na mwaka 2006 wakashindwa tena kwenye rufaa.

Lakini walichokosa mahakamani walikipata bungeni. Oklahoma ilipitisha sheria mwaka 2004, ikairekebisha mwaka uliofuata, kwamba mwenye ardhi hawezi kuzuia silaha iliyofungiwa ndani ya gari. Makampuni makubwa, ConocoPhillips miongoni mwao, yalifungua kesi kuipinga. Chama cha wenye bunduki, NRA, kikajibu kwa kuwataka wanachama wake wasusie mafuta ya kampuni hiyo.

Mwaka 2007 jaji wa mahakama ya shirikisho aliizuia sheria hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya taifa ya usalama kazini inamtaka mwajiri aondoe hatari mahali pa kazi, na jimbo haliwezi kumlazimisha aikaribishe. Februari 2009 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo. Ilisema idara ya usalama kazini haijawahi kuweka kanuni inayokataza silaha kwenye maegesho, kwa hiyo jimbo lina uhuru wa kuamua. Tangu hukumu hiyo majimbo mengine yamepita njia hiyo bila hofu kubwa, Texas ikiwa mojawapo mwaka 2011.

Kinacholindwa na kisicholindwa

Sheria hizi zinafanana kwa sura tu. Kwa kawaida gari liwe limefungwa, silaha isionekane, na mwenye nayo awe anaimiliki kihalali. Florida, kwa sheria yake ya 2008, ilikwenda mbali zaidi: mwajiri haruhusiwi hata kuuliza kama kuna silaha garini. Lakini sheria hiyo hiyo ina misamaha mingi, ukiwemo wa maeneo yenye kibali cha milipuko. Walt Disney World ikadai kuwa imesamehewa kwa sababu ina kibali cha fataki zake.

Mississippi inamruhusu mwajiri kukataza silaha iwapo maegesho yana geti au mlinzi anayedhibiti wanaoingia. Kwa hiyo geti tu linaweza kubadili kesi nzima. Pasipo geti hali ni nyingine: mwaka 2016 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kuwa mfanyakazi aliyefukuzwa kwa silaha iliyofungiwa garini anaweza kudai fidia.

Tennessee ilitoa fundisho la aina yake. Sheria yake ya 2013 ilisema kuacha silaha garini si jinai. Wengi walidhani wameshalindwa kazini, hadi mwanasheria mkuu wa jimbo alipofafanua kuwa kutoshtakiwa na kutofukuzwa ni mambo mawili. Bunge lilirudi kuziba pengo hilo mwaka 2015.

Kwa mtazamo wa kiuchumi, majimbo kama Texas na Florida hayakuondoa hatari, yameihamisha tu. Mwajiri amenyang'anywa uwezo wa kukataza, naye amepewa kinga ya kutoshtakiwa kwa madhara yatokanayo na silaha hizo. Gharama iliyobaki inamwangukia zaidi yule asiyebeba chochote, na hilo halikujadiliwa vya kutosha bungeni.

Dereva wa lori

Kwa wasafirishaji jambo kubwa ni hili: kinga kwa kawaida ni kwa gari binafsi la mfanyakazi. Florida na Texas zinaliacha nje gari la mwajiri. Mwenye lori la kampuni, hata kama analala ndani yake wiki nzima, yuko chini ya amri ya kampuni. Mwenye lori lake mwenyewe asome mkataba, kwani wengi huwa wamelikodisha lori hilo kwa kampuni ya usafirishaji kwenye karatasi.

Anayepeleka mzigo kwenye ghala la watu wengine naye si mfanyakazi wa pale. Sheria ya Florida ilitaka kuwalinda wateja pia, lakini mwaka 2008 jaji aliizuia sehemu hiyo, akaiacha ya wafanyakazi wenye kibali.

Akivuka majimbo, sheria ya shirikisho inamlinda msafiri ikiwa silaha haina risasi, haifikiki kwa urahisi, na kama gari halina buti, imo ndani ya kasha lenye kufuli ambalo si droo ya dashibodi. Tena ni lazima iwe halali anakotoka na anakokwenda.

Hali ya uhamiaji ni hatari kubwa kuliko zote. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya matembezi au masomo, amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni ya uwindaji. Kwake bastola garini si ugomvi na meneja. Ni jinai ambayo tangu 2022 adhabu yake inafika kifungo cha miaka 15. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu haguswi na katazo hilo, ila kosa la silaha laweza kumfukuzisha nchini.

Kinga zote hizi hukoma kwenye mpaka. Kanada hutaka silaha itangazwe forodhani, na bastola ya kujilinda haipiti. Mexico hukamata. Machi 2014 askari wa akiba wa Marekani aliyesema alikosea njia karibu na San Ysidro aliingia Tijuana akiwa na bunduki tatu ndani ya pikapu yake. Alitoka jela mwisho wa Oktoba.