Namba Iliyomo Ndani ya Bao

Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, barabara za mtaa huitwa kwa namba. Ukiuliza njia utaambiwa avenyu ya ngapi, yamekwisha. Mimi nafundisha hesabu, kwa hiyo silalamiki. Ila namba ninayoisimulia leo haipo kwenye kibao chochote cha barabara: 9,900,582,591,005,555,469,968,805.

Hiyo ndiyo idadi ya namna zote za kuziweka kete 64 katika mashimo 32 ya bao, hata kama shimo fulani litabaki tupu. Si kila mpangilio unafikiwa mchezoni, najua. Nahesabu mipangilio tu.

Bao lina wenyewe wengi. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwaka 1897, Kiswahili kilikwisha zoeleka kandokando ya Ziwa Tanganyika, na Waswahili walikuwa na bao lao la pwani. Warundi nao walikuwa na ikibuguzo, Waganda omweso. Sheria zinatofautiana, na wazee wanaweza kubishana juu yake hadi magharibi. Lakini wote wana mashimo 32 na kete 64, kwa hiyo namba yao ni moja.

Dunia imeisifia zaidi namba ya sataranji. Ni ile hadithi ya punje moja kwenye chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, mpaka chumba cha 64. Al-Biruni aliipigia hesabu yapata mwaka 1000: punje 18,446,744,073,709,551,615. Miongoni mwa vigawanyo vyake vya tasa kuna 641, ambacho Euler alikifichua mwaka 1732 alipoivunja namba moja ya Fermat. Ni namba yenye nasaba, sikatai. Lakini ya bao inaizidi zaidi ya mara 500,000, na sijaona aliyeitungia hadithi.

Siku moja nilimwonyesha mzee jirani yangu, mchezaji wa tangu ujana. Akaitazama tarakimu ya mwisho.

"Mwalimu, mashimo shufwa, kete shufwa, wachezaji wawili. Hii witiri yako imetoka wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, tulikunje bao."

Chukua mpangilio wowote, ubadilishane upande wako na wa mwenzako. Unapata mpangilio mwingine, na hiyo miwili ni jozi, iondoe. Inayobaki ni ile ambayo pande mbili zinafanana. Katika hiyo, badilisha safu ya mbele na ya nyuma, kila upande. Jozi zinaondoka tena. Kisha nusu ya kushoto na ya kulia, halafu mashimo mawili kwa mawili, mwisho shimo kwa shimo. Baada ya mikunjo mitano umebaki na mpangilio mmoja tu usio na mwenza: kete mbili kila shimo.

Mzee akacheka. Huo ndio mwanzo wa bao la kujifunza, lile wanaloanzishiwa watoto kabla ya kukabidhiwa bao kamili lenye nyumba, namua na kete 22 za mkononi. Namba nzima ni witiri kwa sababu ya bao la watoto! Mimi hilo linanifurahisha kuliko ukubwa wake.

Kuna jambo jingine. Namba hii ni zao la namba tasa 17, na hakuna hata moja inayojirudia: 3, 5, 11, 13, 17, 19, 23, 37, 41, 43, 47, 67, 71, 73, 79, 83 na 89. Nimezizidisha kwa kalamu, kisha nikakagua kwa kuzigawa. Asiyeniamini achukue karatasi aanze na 7, tasa ya kwanza, baada ya 2, isiyomo kwenye orodha. Haigawanyiki, hubaki 4.