Mbabula ya udongo: fundi anachunga makala, makala yanachunga pori

Ku Goma, Bukavu ao Butembo, jamaa nyingi bado zinapikia makala. Sehemu ya makala yanayouzwa ku soko za Goma inatoka ndani ya Parke ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ambamo kukata miti kunakatazwa. Vikundi vya silaha vinapata feza katika biashara hiyo. Kwa hiyo, namna mbabula inavyotengenezwa si kazi ya fundi peke yake.

Moto unapotelea wapi?
Mbabula ya bati tupu inapata moto haraka, lakini inautupa kando. Mama anaongeza makala, na sufuria bado haijachemka. Udongo uliochomwa haupitishi moto upesi kama chuma. Ukiwekwa ndani ya bati, moto unabaki chini ya sufuria. Makala yanayotumika yanapunguka kwa theluthi moja, wakati mwingine hata zaidi.

Umbo hili lilitoka wapi?
Jiko linalojulikana zaidi lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kufuatana na jiko la Thailand. Limebana katikati, na udongo unakaa sehemu ya juu tu, kule moto uko. Hivyo halina uzito mwingi na linasimama vizuri. Kilicho muhimu: halikuomba kiwanda kikubwa. Mafundi wa bati walitumia nyundo zao na mapipa ya zamani, na wafinyanzi wakaleta udongo. Udongo ukipasuka, unabadilishwa, bati halitupwi.

Ukienda kununua, angalia nini?
- Udongo usiwe na ufa, wala usitikisike ndani ya bati.
- Kamlango ka hewa kafunguke na kufungwa. Chakula kikichemka, kafunge kidogo ili makala yasiishe bure.
- Sufuria ikae vizuri juu yake.

Usizime moto kwa kumwanga maji: udongo wa moto unapasuka.

Angalisho
Hata mbabula nzuri inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiilaze ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata kukiwa baridi namna gani. Watu wanaweza kulala na wasiamke tena.