Chumvi, presha na basi la kwenda mjini

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama kliniki. Presha yake ilisoma 168 kwa 100. Muuguzi akaandika kwenye kadi, akampa vidonge, akasema, "Mama, punguza chumvi," kisha akaita jina linalofuata. Dakika nne, nilihesabu. Tulipokaa ndani ya daladala mama akanigeukia: "Chumvi gani tena anayoisema? Mimi chumvi ya mezani nilishaacha siku nyingi. Presha ni mawazo, mwanangu, na mawazo yenyewe mnanipa ninyi."

Sikuwa na jibu. Na sisi waandishi wa habari kukosa jibu kunatuwasha kama upupu. Usiku ule nikakaa kusoma, nikitaka kujua jambo dogo tu: ni nani aliyegundua kwamba chumvi inapandisha presha, na alijuaje? Nilidhani ningeishia Ulaya na Marekani kama kawaida. Kumbe safari ilikuwa inanirudisha hapa hapa jirani, kandokando ya Ziwa Victoria.

Haya, twende taratibu.

Mwaka 1904, Ufaransa, madaktari wawili, Ambard na Beaujard, waliwachukua wagonjwa sita wenye presha ya juu wakawa wanawabadilishia chumvi kwenye chakula. Ikipungua, presha inashuka. Ikiongezwa, inapanda. Wagonjwa sita ni wachache mno, nakubali. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa.

Ajabu ni kwamba miaka mingi baadaye bado walikuwapo madaktari wakubwa walioamini presha ya juu si ya kutibiwa. Waliona kwamba mishipa ikizeeka na kuwa myembamba, mwili unahitaji nguvu zaidi kusukuma damu, kwa hiyo presha ikipanda ni mwili unajisaidia. Na hata aliyetaka kutibu hakuwa na dawa ya maana. Mfano ni Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Mwaka 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimpima akakuta 186 kwa 108. Wakampunguzia chumvi, sigara na kazi, wakampa dawa ya moyo na ya kumtuliza. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma, akaanguka. Presha aliyoipima Bruenn siku hiyo ilikuwa 300 kwa 190. Kiharusi. Mtu aliyeongoza vita vya dunia, na tiba yake ilikuwa karibu sawa na ya bibi yeyote wa kijijini: pumzika.

Wakati huo huo, katika Chuo Kikuu cha Duke kule North Carolina, alikuwapo daktari mkimbizi kutoka Ujerumani ya Hitler, Walter Kempner. Huyu aliwalisha wagonjwa wake wali mtupu, matunda, juisi na sukari. Chumvi hakuna kabisa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1942 alimwambia mgonjwa mmoja, mwanamke wa miaka 33, ale hivyo kwa wiki mbili kisha arudi. Kwa sababu ya lafudhi yake ya Kijerumani yule mama akasikia miezi miwili. Aliporudi, presha ilikuwa imeshuka sana na moyo uliokuwa umevimba ulikuwa umepungua. Kempner akajua kumbe muda ndio uliokuwa unakosekana. Baadaye aliripoti wagonjwa 500 wa presha kali, na karibu theluthi mbili yao walipata nafuu. Wali mkavu, jamani! Sisi tunaoula kwa nazi na samaki tungelia.

Kinachotokea mwilini si kigumu kueleza, na ningependa yule muuguzi angepata dakika ya tano akamweleza mama. Chumvi ni sodiamu na kloridi, na ya kuangalia zaidi ni sodiamu. Gramu moja ya chumvi ina kama miligramu 400 za sodiamu. Ikizidi kwenye damu, mwili hushikilia maji ili kuizimua, ndiyo maana ukila chipsi zenye chumvi nyingi unatafuta maji. Maji yakiongezeka kwenye damu, kinachosukumwa kwenye mishipa kimeongezeka. Figo zinatakiwa kutoa ziada hiyo kwa njia ya mkojo, ila za wengine huifanya kazi hiyo polepole, na kwa watu wengi huwa polepole zaidi umri unavyokwenda. Mwaka baada ya mwaka mishipa inakakamaa. Hausikii kitu. Huumwi.

Mwaka 1960 Mmarekani Lewis Dahl alichora mchoro uliokuja kujulikana sana. Aliweka jamii tano pamoja: Waeskimo wa Alaska waliokula chumvi kama gramu 4 kwa siku, na ambao hakuona presha kwao, hadi wakulima wa kaskazini mwa Japani waliokula kama gramu 26 na kufa kwa viharusi. Mstari wake ulipanda moja kwa moja kama ngazi. Lakini wapinzani wakamuuliza swali la haki kabisa: Mjapani na Mweskimo wanatofautiana kwa mambo mia, utajuaje ni chumvi? Ili kujua ingebidi uwachukue watu wa kabila moja, kijiji kimoja, rika moja, wengine wabaki, wengine wahame, kisha uwafuatilie wote.

Na hapo ndipo inaingia Kenya.

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet taarifa fupi kutoka eneo lililoitwa Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya. Alikuwa amewapima watu wapatao 1,000. Vijana wao walikuwa na presha kama ya vijana wa Ulaya, lakini baada ya miaka 40 hivi, wakati ya Wazungu inaendelea kupanda, ya watu hawa haikupanda. Ilielekea hata kushuka. Kichwa cha makala yake kinanukia ukoloni kutoka mbali, anatuita "wenyeji" kama anavyohesabu mifugo. Lakini namba zake naziheshimu. Babu zetu walizeeka bila presha. Tena isomeni upya sentensi hiyo kabla ya kuniambia presha ni uzee.

Ikapita miaka hamsini na zaidi. Miaka ya 1980 timu ya watafiti akiwamo daktari Mwingereza Neil Poulter ikaenda kwa Wajaluo wa vijiji vya kaskazini mwa ziwa, Nyanza. Presha za huko zilikuwa bado za chini. Wakawafuata vijana 325 waliohama kwenda Nairobi, na wengine 267 wa umri na jinsia zinazolingana waliobaki nyumbani. Waliwapima waliohama baada ya miezi mitatu, sita, kumi na miwili, hadi miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal. Waliofika mjini walikuwa na presha ya juu kuliko wenzao wa kijijini, na tofauti ilianza kuonekana mapema, ndani ya miezi. Mkojo wao ulionyesha kilichobadilika: sodiamu juu, potasiamu chini.

Umri wao? Miaka 15 hadi 34.

Nilipofika hapo nikaacha kumfikiria mama, nikaanza kujifikiria mwenyewe. Hawa si wazee. Ni mtu aliyeshuka kwenye basi na begi lake, akapata chumba cha kupanga, akaanza kula kibandani kwa sababu hana muda wala jiko la maana. Ni mimi, na nahisi ni wewe pia. Mboga za majani na viazi vitamu na ndizi, ambavyo ndivyo vyenye potasiamu ya kusaidia figo kutoa chumvi, vimebaki kijijini. Mjini kuna mkate, chipsi na mchuzi wa kiungo cha pakiti.

Ila niwe mkweli kwa mama yangu. Watafiti wale waliona pia mapigo ya moyo ya waliohama yalikuwa ya kasi zaidi, wakasema huenda mishipa ya fahamu nayo inachangamshwa na maisha ya mji. Kwa hiyo mawazo yana kiti chake kwenye kikao hiki. Siyo peke yake tu.

Mwaka 1988 ulikuwa umeshatoka utafiti mkubwa zaidi, Intersalt, wa watu zaidi ya 10,000 kwenye vituo 52 vya nchi 32. Jamii nne zilionekana kula chumvi kidogo mno na kuwa na presha za chini: mbili za Brazili, moja ya Papua New Guinea, na moja ya Kenya. Wanasayansi wamegombana kuhusu utafiti huo hadi leo, wengine wakisema uhusiano kwenye vituo vingine ulikuwa hafifu, na bado wapo wanaobishana kiwango cha chini kinachofaa ni kipi. Sikumbuki kuona mabishano makali hivi tangu ya Simba na Yanga. Lakini kwamba mwenye presha ya juu akipunguza chumvi presha inashuka, hilo limepimwa mara nyingi.

Kuna hadithi nyingine lazima niitaje kwa sababu nimeisikia hata kwa wasomi: kwamba mtu mweusi ana presha kwa sababu ya damu yake. Marekani walikuja na nadharia kwamba mababu waliovuka bahari kwenye meli za watumwa walibaki hai wale tu ambao miili yao inashikilia chumvi. Mwaka 2007 ilisemwa hata kwenye kipindi cha Oprah Winfrey. Inasikika vizuri, na mwanahistoria Philip Curtin alishaipinga tangu mwaka 1992 akisema kumbukumbu za biashara hiyo haziiungi mkono. Kisha mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake wakalinganisha watu wenye asili ya Afrika Magharibi: walioko Afrika Magharibi wenye presha walikuwa asilimia 16, Karibiani 26, Marekani 33. Sikatai kwamba kuna koo zinazorithishana presha. Ila Donnison alikuta watu weusi 1,000 wasio na ugonjwa. Kilichobadilika tangu 1929 si damu yetu.

Kwa nini basi kijijini walikula chumvi kidogo? Kwa sababu chumvi ilikuwa kazi. Uvinza, Kigoma, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta dalili kwamba watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita: maji, vyungu, kuni, moto wa siku nzima. Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake wametandaza udongo juani kwa karne nyingi ili unyonye chumvi, kisha wakauchuja na kuchemsha maji yake, na mashamba hayo ya udongo yanarithiwa. Ziwa la Katwe lilipiganiwa na falme. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipopita huko alijenga ngome pale pale, maana aliyeshika chumvi ameshika soko. Chumvi ya namna hiyo mtu haimwagi. Anaidondosha.

Leo pakiti ya chumvi ni moja ya vitu rahisi kabisa dukani. Hata madini joto ya kuzuia tezi la shingo tunayapata humo humo, jambo jema sana, kwa hiyo sishauri mtu aitupe chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, kwa kila kitu alichokula siku nzima.

Jumamosi nikaingia jikoni na mama. "Nionyeshe unavyopika," nikamwambia, akacheka akadhani nataka kuoa. Papa mkavu wa chumvi. Kiungo cha kipande kwenye mchuzi, viwili, kisha chumvi juu yake "ya kukolezea". Magadi kwenye maharage ili yaive haraka, na magadi nayo ni sodiamu ingawa hayana ladha ya chumvi. Asubuhi mkate. Kwenye meza, kweli kabisa, hakuna kichupa cha chumvi. Mama hakudanganya.

Tumekubaliana hivi: papa aloweshwe usiku kucha na maji yamwagwe, kiungo kiwe kimoja na chumvi isiongezwe, maharage yalowekwe badala ya magadi, ndimu na pilipili vifanye kazi ya kukoleza. Vidonge haviguswi, anavinywa kama alivyoandikiwa. Nilimtajia pia ile chumvi ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. China waliijaribu kwa watu karibu 21,000 katika vijiji 600, na majibu ya mwaka 2021 yalionyesha viharusi vikipungua kwa asilimia 14. Lakini mwenye figo mbovu, au anayetumia dawa fulani za presha, inaweza kumdhuru moyo, kwa hiyo hatununui mpaka daktari aseme.

Tulipomaliza, mama akatoa mashine ndogo ya kupimia aliyonunuliwa na dada yangu. Akajipima, 152 kwa 94. Kisha akanivuta mkono. "Na wewe lete hapa."

Nina miaka 29. Ilisoma 138 kwa 89. Tukarudia baada ya dakika tano, ikasoma vile vile. Mama akaitazama, akanitazama, akauliza jana mchana nilikula nini. Chipsi mayai, nikamjibu, na nilimwambia muuzaji aongeze chumvi.