Udongo wa Sinya na Neno Kiko
Magharibi ya Makumira, mjini Arusha, katika karne ya 20 vilitengenezwa viko kwa udongo mweupe wa Sinya, Longido, uitwao sepiolaiti. Chapa yake ilikuwa neno letu lenyewe: Kiko. Udongo ule ulisifiwa kwa kustahimili moto wa tumbaku. Siku hizi udongo wa namna hiyo hutiwa dawa ya jamii ya sabuni ili ushikamane na plastiki. Lakini dawa iliyo ya kawaida huanza kuvunjika yapata nyuzi 200 za Sentigredi, na plastiki nyingi huyeyushwa kwa joto lipitalo hapo. Basi tusemapo “udongo ustahimilio joto”, hatuna budi kubainisha: ni udongo wenyewe, au vazi lake? Istilahi isiyotenganisha hayo mawili itampotosha mwanafunzi.