Fahali mweupe wa Wunlit: Machifu walivyopatanisha Wadinka na Wanuer

MKUTANO wa Wunlit ni kikao cha upatanishi kilichoanza mwishoni mwa Februari, 1999 na kumalizika Machi 8 mwaka huo, katika eneo la Bahr el Ghazal, ambalo leo ni sehemu ya Sudan Kusini. Kiliwakutanisha Wadinka na Wanuer wa magharibi mwa Mto Nile, wafugaji waliokuwa wakiuana kwa miaka karibu minane.

Uhasama huo haukuanzia kwenye malisho. Agosti, 1991 Riek Machar, Mnuer, na wenzake waliasi uongozi wa John Garang, Mdinka, ndani ya jeshi la SPLA. Miezi mitatu baadaye wapiganaji wa upande wa Machar waliushambulia mji wa Bor na vijiji vinavyouzunguka. Shirika la Amnesty International lilikadiria kuwa raia wapatao 2,000 waliuawa. Wizi wa mifugo, uliokuwapo tangu enzi za mikuki, sasa ukafanywa kwa bunduki za kivita, na wanawake na watoto wakatekwa pamoja na ng'ombe.

Baraza la Makanisa la Sudan Mpya, lililoundwa mwaka 1990, ndilo lililoanza kuwaita wazee. Juni, 1998 machifu wa pande zote walikutana Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, wakaambiana waliyotendeana na kuafikiana kuitisha kikao kikubwa nyumbani kwao. Lakini nani angethubutu kuvuka mpaka? Ndipo machifu wa Kinuer walipokwenda Thiet, katika ardhi ya Wadinka, na wa Kidinka wakaenda Leer, kwa Wanuer. Waliweka roho zao rehani, maana hapakuwa na jeshi la kimataifa la kuwalinda. Waliporejea salama, watu waliamini.

Wenyeji wa Wunlit walijenga kijiji kizima cha nyumba za nyasi kwa ajili ya wageni. Mkutano ulifunguliwa kwa kuchinjwa fahali mweupe, na laana ikatamkwa juu ya yeyote atakayevunja kiapo. Kisha kila upande ulipewa nafasi ya kueleza machungu yake bila kukatizwa: nani aliuawa, wapi, ng'ombe wa nani walichukuliwa. Mwenye kuona kazi hiyo kuwa ya maneno matupu hajakaa akimsikiliza aliyemuua nduguye akihesabiwa makosa yake hadharani.

Mapatano yaliyotiwa saini na watu zaidi ya 300, wakiwamo machifu, wanawake na viongozi wa dini, yalisamehe makosa yaliyopita, yakafungua malisho na mabwawa ya uvuvi, yakaagiza polisi na mahakama za mpakani. Suala la waliotekwa lilikuwa gumu zaidi, kwani baadhi ya wanawake walikwishazaa huko walikopelekwa. Iliamuliwa warudishwe kwao, na palipotakiwa ndoa, taratibu zote za kimila zitimizwe.

Matokeo yalionekana upesi. Mapigano katika maeneo ya mafuta ya Upper Nile Magharibi yalipopamba moto, Wanuer wengi waliokimbia walipokewa katika ardhi ya Wadinka, jambo ambalo miaka michache kabla lisingefikirika. Januari, 2002 Garang na Machar nao walipatana mjini Nairobi. Viongozi walikuwa wamechelewa nyuma ya machifu wao kwa takriban miaka mitatu.

Udhaifu wa Wunlit ulikuwa mmoja, nao si mdogo: machifu hawakuwa na amri juu ya bunduki. Polisi na mahakama za mpakani zilihitaji fedha na ridhaa ya makamanda, na kote kuwili zilipungua. Mkataba wa Januari 9, 2005 uligawana madaraka kati ya Khartoum na SPLM, na uhuru ukapatikana Julai 9, 2011. Desemba, 2013 askari wa Rais Salva Kiir na wa Machar walipigana mjini Juba, raia wa Kinuer wakauawa majumbani mwao, na katika siku chache Bor ikashambuliwa tena.