Pikapu yenye tabo na isiyo na tabo: ipi inakufaa?

Hii mada haiishi vijiweni: mmoja anakwambia gari bila tabo si gari, mwingine anasema ukinunua tabo umenunua kesi. Wote wana hoja. Leo nimeona tuzipange, manake pikapu hainunuliwi kwa hela ya mchezo.

TABO NI KITU GANI?
Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe pistoni inaposhuka. Ikipata kidogo, ndiyo basi. Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukumia injini hewa kwa presha. Hewa ikiongezeka, dizeli nyingi zaidi inaungua, nguvu inapanda. Aliyesajili wazo hili ni Mswisi Alfred Büchi, mwaka 1905.

NGUVU
Chukua Toyota mbili. 1HZ iliyoanza 1990, ile ya Land Cruiser za mkonga, ni lita 4.2, silinda 6, haina tabo: farasi 130 hivi, nguvu ya kuvuta Nm 285. 1GD-FTV ya Hilux ya 2015 ni lita 2.8, silinda 4, ina tabo: farasi 177, Nm 420 kwa gia za mkono. Si tabo peke yake, hata upigaji wa dizeli ni wa kisasa zaidi. Ila bila tabo injini ndogo vile isingefika hapo.

Halafu kuna milima. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar. Isiyo na tabo inapungukiwa nguvu huko juu, yenye tabo inafidia. Ukipanda Kitonga na mzigo wa viazi utaelewa nasema nini.

UIMARA
Hapa ndipo 1HZ inapojibu. Vitu vichache, joto kidogo, fundi wa kijijini anaifungua bila kompyuta. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoiokoa ni oili tu. Oili chafu, au filta ya hewa iliyotoboka ikapitisha vumbi, imekwisha. Na ukitoka kupanda mlima na mzigo usizime hapo hapo, iache injini isilale dakika moja au mbili ipoe.

KABLA HUJATOA HELA
1. Washa, kanyaga mafuta. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili.
2. Sikiliza. Mlio kama king'ora si dalili nzuri.
3. Zima, ikipoa mwambie fundi afungue mpira wa hewa, atikise shafti ya tabo. Ikicheza sana, acha.

Usidharau hilo la tatu. Tabo ikimwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli inaweza kuunguza oili yake yenyewe na kupandisha mizunguko hata ukizima swichi. Hapo unapoteza injini nzima, siyo tabo tu.

KWA KIFUPI
Unabeba mizigo mizito milimani na oili unabadilisha kwa wakati? Chukua tabo. Unaishi mbali na spea, gari linapita mikononi mwa madereva watatu? Chukua isiyo na tabo, utafika taratibu lakini utafika.